DAMU ILIYOKUWA INATUPWA

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mtaalamu wa maabara ya damu mbele ya klabu ya afya ya shule moja ya sekondari. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, pamoja na maswali ya wanafunzi mwishoni.





Haya. Nianze na swali. Mtoto akishazaliwa, kitovu kinakatwa, kisha baada ya muda kidogo kondo la nyuma linatoka. Linakwenda wapi?

(Linazikwa! Linachomwa! Linatupwa!)

Nyote mmepata. Nyumbani huzikwa, na ndiyo maana mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu kwamba ni pale kilipozikwa kitovu chake. Hospitalini hutiwa kwenye shimo maalumu au huchomwa moto. Basi sikilizeni. Ndani ya hicho kinachozikwa na kuchomwa huwa imebaki damu. Si nyingi. Ni kiasi cha nusu kikombe cha chai, mililita 100 hivi, mara nyingine pungufu. Lakini damu hiyo ndogo imekwisha kutumika duniani kuwatibu wagonjwa zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa na saratani ya damu.

Inawezekanaje? Na je, sisi inatuhusu nini? Hayo ndiyo nitakayoyasema leo.

Kiwanda kilicho ndani ya mifupa

Kila mmoja ashike nyonga yake, pale juu unapofungia mkanda. Umeushika mfupa? Ndani ya mfupa huo kuna kitu laini. Mkinywa supu ya mifupa mnakijua, kile mnachogonga-gonga mezani mpaka kitoke. Kinaitwa uloto. Wengi hudhani uloto ni mafuta tu ya kunogesha supu. Kumbe ni kiwanda cha damu.

Kiwanda hicho hakina Jumapili wala sikukuu. Kila sekunde mwili wako unatengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2. Lazima iwe hivyo, kwa sababu chembe nyekundu moja huishi kama siku 120 tu, halafu huchakaa na kuvunjwa. Damu uliyo nayo leo siyo uliyokuwa nayo mwaka jana.

Kiwanda kinatoa bidhaa tatu. Ya kwanza ni chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni. Ya pili ni chembe nyeupe, askari wetu wa kupambana na vijidudu. Ya tatu ni chembe sahani, mafundi wa kuziba pale mshipa unapopasuka ili damu isiendelee kutoka.

Sasa, hizo zote zinatoka wapi? Zinatoka kwenye seli za aina moja zinazoitwa seli za shina. Nadhani jina hilo linafaa. Mnaujua mgomba. Unakata mkungu, mgomba ule unakwisha, lakini shina lililo chini linatoa machipukizi mengine, na shina lenyewe bado lipo. Seli ya shina ni hivyo hivyo. Ikigawanyika inaweza kutoa chembe ya damu, na pia inaweza kutoa seli nyingine ya shina kama yenyewe. Ndiyo maana haiishi. Wanasayansi wawili wa Toronto, Kanada, James Till na Ernest McCulloch, ndio walioonyesha jambo hili kwa majaribio ya panya mwaka 1961.

Kiwanda kikiharibika

Saratani ya damu iko ya aina nyingi. Nitasema ile inayoitwa lukemia. Inaanza na seli moja tu iliyokuwa njiani kuwa chembe nyeupe. Jeni zake zinaharibika. Badala ya kukomaa na kuwa askari, inabaki changa, tena inazaana ovyo. Ni kama magugu shambani. Magugu hayapigi mahindi kwa fimbo, yanayanyima nafasi tu. Uloto ukijaa seli hizo za ovyo, chembe nzuri hazina mahali pa kuota.

Ukishaelewa hivyo, huna haja ya kukariri dalili za lukemia. Unaweza kuzifikiria mwenyewe. Chembe nyekundu zikipungua, mgonjwa atakuwaje? Atapauka, atachoka, atahema akipanda ngazi. Askari wakipungua? Atapata homa na maambukizo yasiyokwisha. Chembe sahani zikipungua? Atatoka damu puani au kwenye fizi, na atakuwa na alama za michubuko bila kuanguka. Ongezeni na maumivu ya mifupa, na tezi kuvimba shingoni au kwapani.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Katika nchi zetu, mtoto mwenye homa na aliyepungukiwa damu anafikiriwa kwanza kuwa na malaria. Si vibaya, kwa sababu mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kama amepimwa na malaria haikuonekana, au ametibiwa mara mbili, mara tatu, na homa inarudi, tena anatoka damu, msiendelee kununua dawa dukani. Aende hospitali apimwe damu yote na idadi ya chembe zake. Lukemia haimngojei mtu. Na wala haiambukizwi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala si mkono wa mtu.

Na jambo jingine, msije mkatoka hapa mkidhani kila lukemia ni lazima kupandikizwa. Sivyo. Lukemia inayowapata zaidi watoto, katika nchi zenye hospitali za kutosha, inapona kwa dawa peke yake kwa watoto kama 9 kati ya 10. Kupandikiza ni kwa wale ambao ugonjwa umerudi baada ya dawa, au ambao saratani yao ni ya aina sugu tangu mwanzo.

Kung'oa na kupanda upya

Kupandikiza maana yake nini? Fikirini shamba lililojaa magugu mpaka palizi haifai. Mkulima anafyeka vyote, halafu anapanda mbegu mpya.

Daktari naye anafanya hivyo hivyo. Mgonjwa anapewa dawa kali sana, pengine na mionzi, mpaka uloto wake wote, mbaya na mzuri, unakufa. Sasa hapo mgonjwa hana kiwanda cha damu kabisa. Akiachwa hivyo atakufa. Kisha analetewa seli za shina za mtu mwingine, na zinaingia kwa dripu kwenye mshipa, kama anavyoongezewa damu. Hakuna kisu, hakuna kupasuliwa. Seli zile zinazunguka mwilini na zenyewe zinajua njia ya kwenda kwenye mifupa. Zinaingia, zinakaa, zinaanza kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wanahitaji wiki mbili, tatu, ndipo washike jembe. Katika siku hizo mgonjwa anakaa chumba cha peke yake, maana hata mafua ya kawaida yanaweza kumuua.

Aliyeanzisha njia hii kwa binadamu ni daktari wa Marekani, E. Donnall Thomas. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1957. Wagonjwa wa mwanzo karibu wote walikufa. Hakuacha. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Kitambulisho cha seli

Kwa nini wale wa mwanzo walikufa? Sababu kubwa ni kwamba seli zina vitambulisho. Juu ya seli zako kuna alama, wataalamu wanaziita HLA. Askari wa mwili wako huzikagua alama hizo kama polisi wa barabarani. Akiona kitambulisho kigeni, anapiga. Na katika kupandikiza hatari ni ya pande mbili. Mwili wa mgonjwa unaweza kuzikataa seli za mgeni. Na mbaya zaidi, askari walioletwa na mgeni wanaweza kumgeukia mwenyeji wao, wakamshambulia ngozi, ini na matumbo. Mgeni anampiga mwenye nyumba! Kwa hiyo anatafutwa mtoaji mwenye alama zinazofanana na za mgonjwa.

Ninyi wa kidato cha nne mmesoma urithi. Haya, tufanye hesabu. Alama hizi mtu anazirithi kama furushi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Baba ana mafurushi A na B. Mama ana C na D. Watoto watakuwaje?

(AC, AD, BC, BD.)

Safi kabisa. Njia nne. Kwa hiyo ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 katika 4 ya kufanana nawe. Ukiwa na ndugu wengi una bahati. Ukiwa peke yako, au wote wakikukosa, utafute wapi?

Katika nchi nyingi kuna madaftari ya watu waliojitolea kutoa uloto, mamilioni ya watu. Lakini daftari hilo halimtazami kila mtu kwa jicho moja. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba mgonjwa wa asili ya Ulaya ana nafasi kama 75 kati ya 100 ya kumpata mtu wa kufanana naye kabisa. Mgonjwa mwenye asili ya Afrika hafikii hata 20 kati ya 100.

Kwa nini? Sababu ni mbili. Kwanza, watu wenye asili ya Afrika walioandikishwa ni wachache. Pili, na hii ni sifa yetu, binadamu wameishi Afrika kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote duniani, kwa hiyo alama zetu ni za aina nyingi mno. Utajiri huo wa alama unageuka kuwa taabu siku ya kutafuta mtu wa kufanana naye.

Sasa nadhani mnaona kwa nini habari ya kitovu inatuhusu.

Paris, mwaka 1988

Seli za shina hazikai katika mifupa tu. Mtoto akiwa tumboni anajenga damu kwa kasi, na seli hizo zinazunguka katika damu yake, zinapita kwenye kitovu kwenda kwenye kondo na kurudi. Akizaliwa, kitovu kikakatwa, zilizobaki upande wa kondo zinabaki humo. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, Hal Broxmeyer, pamoja na wenzake, walizihesabu na kuonyesha kwamba zinaweza kutosha kumtibu mtoto, na kwamba zinaweza kugandishwa zikakaa.

Lakini nani awe wa kwanza kujaribu? Kulikuwa na mvulana wa miaka 5 huko North Carolina, Marekani. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaoitwa anemia ya Fanconi. Ugonjwa huo si saratani, lakini unaua uloto taratibu na mara nyingi huishia kwenye lukemia. Mama yake alikuwa mjamzito. Vipimo vikaonyesha kwamba mtoto aliye tumboni ni msichana, hana ugonjwa huo, tena alama zake zinafanana na za kaka yake. Alipozaliwa, damu ya kitovu ikachukuliwa, ikagandishwa kwenye maabara ya Broxmeyer, kisha ikasafirishwa ikiwa barafu mpaka Ufaransa. Oktoba 1988, katika Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Daktari Eliane Gluckman akaiyeyusha na kumpa yule mvulana.

Seli zikashika. Kijana akapona ugonjwa wa damu, akakua, na miaka 25 baadaye alikuwa mtu mzima mwenye afya yake. Na dada yake? Hakuchomwa sindano hata moja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1992 Daktari Pablo Rubinstein alianzisha benki ya damu ya vitovu mjini New York, kwa ajili ya mgonjwa yeyote atakayeihitaji. Mwaka 1993, Daktari Joanne Kurtzberg wa Chuo Kikuu cha Duke akampandikiza mtoto mwenye lukemia damu kutoka benki hiyo, ya mtoto wasiyejuana hata kwa jina.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipoonekana. Askari walio katika damu ya kitovu ni wachanga. Hawajapigana vita yoyote. Kwa hiyo hawana ukali wa kumgeukia mwenyeji kama askari wa mtu mzima, na vitambulisho si lazima vifanane vyote. Katika alama kuu 6 zilizokuwa zikipimwa, 4 zikifanana zilitosha. Mgonjwa wa asili ya Afrika, ambaye kwenye daftari la uloto aliambiwa hakuna wa kufanana naye, kwenye benki ya vitovu akapata.

Inachukuliwaje?

Kwanza mama anaulizwa, tena kabla ya uchungu kumshika, na akikataa basi. Mtoto akishazaliwa na kitovu kikakatwa, mkunga anachoma sindano kwenye mshipa wa kitovu upande wa kondo, damu inashuka kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande. Dakika chache tu. Damu inapelekwa maabara, inapimwa VVU, homa ya ini na maradhi mengine, inapimwa alama zake, seli zinahesabiwa. Ikifaa inatiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko inalala. Damu iliyolala hivyo zaidi ya miaka 20 imeamshwa na kukutwa bado ina seli hai.

Lakini kuna sharti moja. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kitovu kisikatwe papo hapo, bali mkunga angoje angalau dakika 1, ili mtoto apate damu yake iliyo kwenye kondo, imsaidie asipungukiwe na madini ya chuma. Mkunga akingoja, damu ya kukusanya inapungua. Basi nani atangulie, mtoto aliyezaliwa leo au mgonjwa wa kesho? Madaktari wamekubaliana kwamba mtoto aliyezaliwa anatangulia. Inachukuliwa ile inayobaki tu.

Upungufu wake

Sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Damu hii ina upungufu wake, na wa kwanza ni hesabu.

Chukueni kalamu. Kwa kawaida mgonjwa anahitaji angalau seli milioni 25 kwa kila kilo ya uzito wake, kabla ya kugandishwa. Mtoto wa kilo 10 anahitaji ngapi? Milioni 250. Mtu mzima wa kilo 60? Milioni 1,500. Na mfuko mmoja mzuri unaweza kuwa na milioni 1,000 hivi. Umeona? Mtoto anashiba, mtu mzima anabaki na njaa. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakapata wazo la kumpa mtu mzima mifuko miwili, ya watoto wawili. Na mwaka 2023 Marekani ilikubali dawa inayotokana na mfuko mmoja ambao seli zake zimezidishwa kwanza maabara.

Upungufu wa pili ni muda. Seli za kitovu huchelewa kushika jembe, mara nyingi wiki tatu mpaka nne au zaidi, na siku zote hizo mgonjwa hana askari. Wako wanaokufa kwa maambukizo wakiwa wanangoja. Wa tatu ni kwamba mfuko ukiisha umeisha. Mtu mzima aliyetoa uloto unaweza kumrudia. Kitovu hukirudii.

Kwa sababu hizo, na kwa sababu kuna njia mpya iliyoendelezwa huko Baltimore ya kutumia mzazi au ndugu anayefanana na mgonjwa nusu tu, hospitali nyingi za Marekani na Ulaya zimepunguza kutumia damu ya kitovu. Japani bado wanaitumia sana. Kwa hiyo ni silaha moja kati ya kadhaa, na daktari anachagua kwa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake.

Jihadharini na wauzaji

Pakiwa na dawa ya kweli, wajanja hawako mbali. Nitataja mambo mawili.

La kwanza ni makampuni yanayomwambia mama mjamzito alipe fedha nyingi kila mwaka awekewe damu ya mtoto wake, eti ni bima ya maisha. Lakini mtoto huyo akipata lukemia, mara nyingi damu yake mwenyewe haitumiki, kwa sababu kasoro ya jeni inaweza kuwa ilikuwamo tangu siku aliyozaliwa. Utapandaje mbegu ileile yenye magugu? Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri damu itolewe kwenye benki ya watu wote, isipokuwa kama ndani ya familia yuko mgonjwa anayejulikana ambaye anaweza kuihitaji.

La pili linatugusa zaidi. Siku hizi kuna watu wanapita mitaani na kwenye simu wakiuza vidonge na unga wakisema ni "seli za shina", vinatibu saratani, kisukari, presha, mpaka ugumba. Mmeshaelewa leo kwamba seli za shina huingia kwa mshipa, zikiwa hai, zimetoka kwenye barafu, kwa mgonjwa aliyefyekwa uloto wake. Seli utakayoimeza itafanywa nini tumboni? Itameng'enywa kama maini ya kuku. Mkiona mzazi au jirani anauza ng'ombe anunue vidonge hivyo huku akiacha dawa za hospitali, msikae kimya. Mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni.

Na hapa kwetu? Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa saratani ya damu iitwayo mayeloma, kwa kutumia seli zao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikawapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Hiyo si damu ya kitovu, lakini ujuzi ni wa ukoo mmoja, na mafundi wake wanazidi kufunzwa.

MASWALI YA WANAFUNZI

Msichana wa kidato cha pili: Je, mtoto haumii wakati damu inachukuliwa?

Haumii. Kitovu hakina mishipa ya fahamu. Hata mkasi ukikikata mtoto hasikii. Na sindano inachomwa upande wa kondo, mtoto keshaondolewa yuko kwa mama yake. Wala mama haumii.

Mvulana wa kidato cha tatu: Yule mvulana wa Paris alipewa damu ya dada yake. Ina maana damu yake ni ya kike? (Kicheko.)

Msicheke, ni swali zuri sana. Ndiyo! Ukipima chembe nyeupe za mtu kama huyo utakuta kromosomu XX, za msichana. Na kama makundi yao ya damu yalikuwa tofauti, kundi lake linageuka kuwa la mtoaji. Lakini ni damu tu. Sehemu nyingine za mwili zinabaki zake, na akipata watoto watarithi jeni zake mwenyewe, siyo za dada yake.

Msichana wa kidato cha nne: Nimesikia kuna mwanamke alipona UKIMWI kwa damu ya kitovu. Ni kweli au ni uzushi?

Ni kweli, ila isikilizeni yote. Mwanamke mmoja wa New York, mwenye asili mchanganyiko, alikuwa na VVU, kisha akapata lukemia. Mwaka 2017 alipandikizwa damu ya kitovu pamoja na seli za ndugu yake. Damu ile ya kitovu ilichaguliwa makusudi, kwa sababu aliyeitoa ana jeni adimu inayofunga mlango ambao VVU hupitia kuingia kwenye seli. Jeni hiyo inapatikana zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, na kama ingetafutwa kwa mtu mzima wa kufanana naye kabisa isingepatikana. Mwaka 2020 aliacha ARV akiwa chini ya uangalizi wa madaktari, na ilipotangazwa mwaka 2022 virusi vilikuwa havijarudi.

Je, ni tiba ya UKIMWI kwa watu wote? Hapana. Kupandikizwa kwenyewe kunaweza kuua. Alifanyiwa kwa sababu alikuwa na lukemia ya kuua. Mtu mwenye VVU asiye na saratani akimeza ARV zake kila siku anaishi miaka mingi na anafanya kazi zake. Mtu asiache dawa kwa kusikia habari hii. Nasema tena, asiache.

Mvulana wa kidato cha kwanza: Kwa nini hospitali yetu ya wilaya haikusanyi damu hiyo?

Kwa sababu kuchukua ni rahisi, kutunza ndiyo kazi. Unahitaji naitrojeni isiyokatika, umeme wa uhakika, maabara ya kupima alama, na mafundi usiku na mchana. Mfuko ukiyeyuka siku moja kwa kukosa naitrojeni, mbegu imekufa. Kila nchi inapima, fedha hizo ziende huko au ziende kwanza kwenye dawa za saratani na vipimo.

Mwenyekiti wa klabu: Basi sisi wanafunzi tufanye nini?

Mambo matatu. Kwanza, dalili mmezijua. Mtoto wa jirani mwenye homa isiyokwisha na damu puani, wahimizeni wazazi wake wampeleke hospitali wiki hii, siyo mwezi ujao.

Pili, ukifika umri unaokubaliwa nchini mwako, changia damu. Mgonjwa wa lukemia, apandikizwe au asipandikizwe, anaongezewa damu na chembe sahani mara nyingi kabla kiwanda chake hakijasimama tena. Damu ikikosekana, dawa zote nilizozitaja leo hazifai kitu. Kwa hilo hatuhitaji naitrojeni wala kungoja wafadhili. Mkono wako unatosha.

Tatu, someni sayansi. Jeni na alama za watu wa Afrika bado hazijasomwa vya kutosha, na watakaozisoma wanatakiwa watoke hapa, kwenye madawati haya. Nani kati yenu anapenda baiolojia?

(Mikono mingi ikanyooshwa.)

Nimewaona.